Siku Isiyo ya Kunywesha

Niliua ng'ombe wa watu kwa maji matamu. Naanza na hilo kwa sababu huku Mgori habari hii imeshasemwa kwa namna nyingi, na kila namna inaukwepa ukweli wenyewe. Wapo wanaosema ng'ombe aliuzwa mnadani. Wapo wanaosema alipotelea msituni. Hapana. Aliyeua ni mimi, Laurian, afisa mifugo wa kata, mwenye diploma moja, mke mmoja, kitambi cha wastani na pikipiki ya serikali inayowaka ikijisikia.

Ilikuwa kiangazi kile kibaya, majani yamekwisha mpaka ng'ombe wanalamba vumbi. Watu walikuwa wanalisha mabua ya mahindi na mtama, makavu kama kuni. Ukipita zizini unaona mbavu tu. Basi mfanyabiashara mmoja wa mjini Singida akaleta mapipa ya molasi kutoka kwenye viwanda vya sukari huko Morogoro. Molasi ni lile jimaji jeusi, zito, linalobaki sukari ikishatolewa. Ni tamu, na inanata kama mgeni asiyeaga. Chuoni tulifundishwa habari zake: unaichanganya na maji, unatia urea kidogo, unanyunyizia mabua, na ng'ombe anayala kama maandazi. Urea ni ile ile mbolea ya mahindi. Ikiingia kidogo kidogo pamoja na mabua, inamjenga ng'ombe. Ikiingia kwa mkupuo, inamuua. Hilo nilikuwa nalijua, na siku ile nilipima vizuri kabisa. Kosa halikuwa kwenye vipimo.

Nikatafuta zizi la kufanyia onyesho, watu waje waone. Nikamwendea Asnath, ambaye sisi wote tunamwita Mama Peniel. Ni mjane, anakaa upande wa msituni, mwanamke wa maneno machache, na hayo machache yote yana miiba. Mwanawe Peniel yuko Manyoni na mke wake, anakuja Krismasi. Mama Peniel alikuwa na ng'ombe mkubwa mmoja, ndama wake, na mitamba wawili, majike ambao hawajazaa bado. Nasema "alikuwa na" kwa kuzoea tu. Ng'ombe wote walikuwa wa Mzee Calist, anayekaa Utemini, mjini.

Huku mwenye ng'ombe wengi hawafungi wote zizi moja. Anawagawa kwa watu anaowaamini, ili ugonjwa ukiingia hapa, kule wabaki. Anayetunza anakunywa maziwa, samadi ni yake, na mwenyewe akiridhika, mwaka fulani anamwachia ndama. Karatasi hakuna. Kuna alama ya sikio, kila mwenye ng'ombe na mkato wake. Na kuna sheria moja: ng'ombe akifa, mtunzaji anampelekea mwenyewe habari siku hiyo hiyo, na anampelekea ngozi yenye masikio yake. Ukienda na maneno bila ngozi, wewe umekula ng'ombe wa mtu. Kwetu Kinampanda ni hivyo hivyo. Sikuhitaji kufundishwa na mtu.

"Wasije wakafa," Mama Peniel aliniambia nilipomwomba zizi lake.

"Mama Peniel, mimi nimewahi kuua nini hapa kijijini?"

"Kuku wangu, mwaka juzi. Ulisema ni chanjo."

"Wale walikuwa wameshaamua kufa. Mimi niliwasindikiza tu."

Akacheka. Nilimchekesha, akakubali. Hivyo ndivyo ninavyofanya kazi yangu: nachekesha, watu wanakubali. Siwezi kusema haijanisaidia.

Siku ya onyesho watu walijaa. Mwenyekiti wa kijiji, Amosi, alikuja na kiti chake mwenyewe kama kawaida yake. Filipo, jirani wa Mama Peniel, mtu asiyeweza kunyamaza hata msibani, akasimama mbele kabisa. Hori lilikuwa pipa la bati lililopasuliwa katikati. Nikajaza mabua yaliyokatwakatwa, nikakoroga mchanganyiko wangu, nikamwagia juu. Ukachuruzika ukatuama chini.

"Bwana Mifugo," akaita Filipo, "hiyo molasi au gongo?"

"Gongo ya ng'ombe. Wewe yako subiri jioni."

"Na wakilewa, nani atawachunga?"

"Utachunga wewe, si mnafahamiana."

Watu wakaangua kicheko. Hata mwenyekiti alicheka, na yule huwa anachekea posho tu.

Ng'ombe wakarudi kutoka malishoni. Mbele alikuwa yule mkubwa, mwekundu, mwenye baka jeupe lililozunguka uso wote kama kitambaa cha mtawa. Kijiji kizima kilimwita Sista. Ndiye alikuwa anatoa maziwa, ndiye alikuwa mkubwa wa zizi. Mitamba walipojaribu kusogea, akawasukuma kwa pembe wakarudi nyuma. Akaingiza pua horini. Hakugusa bua. Aliyasukuma mabua pembeni, akazamisha mdomo mpaka chini ulipotuama ule utamu, akanywa. Alikunywa mpaka ukawa unasikia koo linavyofanya kazi.

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga makofi, Mungu anisamehe. Nikatoa simu, nikampiga picha Sista, mdomo ndani ya hori, sikio moja juu, mkia unapunga. Nikaituma kwenye kundi la maafisa mifugo wa wilaya, nikaandika: "Mgori imeamka. Ng'ombe wenyewe wanaomba." Kabla sijairudisha simu mfukoni vidole gumba vilikuwa vimeshamiminika.

"Anapenda!" nikawaambia watu. "Mnaona? Anapenda!"

Mama Peniel alikuwa amesimama na ndoo ya kukamulia. Akasema, taratibu tu, kama mtu anayeongea na ndoo:

"Hiyo ni kiu. Leo si siku yao ya kunywa."

Nikageuka. "Walikunywa lini?"

"Jana. Zamu yetu kisimani ni kesho."

Hapo ndipo nilipolitazama tena lile hori.

Kila mtu wa huku anajua kwamba kiangazi ng'ombe hawanywi kila siku. Maji yako chini ya mchanga wa mto, mnachimba, mnateka kwa zamu, na kila zizi lina siku yake. Leo unawanywesha, kesho unawalaza na kiu, keshokutwa tena. Mimi mwenyewe nimechunga hivyo utotoni. Lakini kile chuo nilichosoma kilikuwa na bomba. Ng'ombe wa chuo walikuwa na maji mbele yao asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo ukiwawekea mabua yenye molasi, wanakula mabua. Nilibeba mafunzo kama yalivyokuwa, nikayashusha kwenye zizi la Mgori, siku isiyo ya kunywesha, mbele ya ng'ombe aliyekuwa anatafuta maji, si chakula. Hata kuuliza sikuuliza. Na Mama Peniel hakusema mapema, kwa sababu aliamini mtu wa mifugo anajua kiu ni nini.

Nikalipiga teke hori, likapinduka. Watu wakafikiri ni sehemu ya onyesho, wengine wakapiga makofi tena.

Sista akaanza kutetemeka masikio. Halafu ngozi ya bega. Halafu akasimama amepanua miguu kama meza, mate yanamtoka, tumbo la kushoto linapanda unaliona. Nikapiga kelele: "Siki! Nani ana siki?" Nani ana siki Mgori, jamani? Nikapanda pikipiki, kwa miujiza ikawaka, nikaenda madukani. Nikapata ndimu chache na ukwaju, angalau uchachu wa kuizima ile urea tumboni. Niliporudi alikuwa chini. Tulimnywesha kwa chupa, nikamtoboa ubavu kutoa gesi, nikafanya kila kilichoandikwa na vingine ambavyo havikuandikwa popote. Alipiga kelele moja ambayo ndama wake aliijibu kutoka bandani. Kisha akanyoosha shingo.

Jua lilikuwa bado liko juu.

Vijana wawili wakatoa simu, nikawaambia, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo: "Weka simu chini! Hii si sinema!" Wakaziweka. Mara ile moja tu katika maisha yangu ya kazi nilitiiwa mara moja, na ilikuwa ndiyo mara nisiyotakiwa kutiiwa.

Nikatangaza kwamba nyama ile ni sumu, atakayeila atamfuata Sista. Lichimbwe shimo, azikwe pale pale nyuma ya zizi. Wanaume wakashika majembe. Walichimba huku wakimtazama ng'ombe mzima, mnono kuliko wote kijijini, akiingia ardhini kiangazi kile. Mimi nilikuwa naziona nyuso zao. Zilikuwa nyuso za msiba, kweli, ila si za kumlilia Sista.

Mama Peniel akanivuta pembeni.

"Bwana Mifugo, niachie ngozi."

"Sumu, mama."

"Ngozi nayo inaliwa?"

"Sheria inasema mzoga mzima unazikwa."

"Basi masikio. Nikatie masikio yote mawili nimpelekee mwenyewe. Hata moja."

Ngozi haikuwa na shida yoyote. Sikio ndiyo kabisa. Kisu nilikuwa nacho mkononi. Lakini lile sikio lingekwenda Utemini, lingewekwa mezani kwa Mzee Calist, na Mzee Calist angeuliza: amekufa kwa nini? Halafu angekwenda ofisini kwetu kuuliza tena. Na picha yangu ilikuwa bado inapata vidole gumba. Nilitaka shimo lifukiwe haraka. Nilitaka udongo.

"Mama Peniel," nikasema, "Mzee Calist nitampigia mimi mwenyewe. Nikimweleza mimi, mtaalamu, ataelewa. Wewe huna haja ya kuhangaika na masikio."

"Utampigia leo?"

"Leo leo."

Akaniangalia. "Usinichekeshe sasa."

"Sikuchekeshi."

Sikumpigia. Jioni ile nilijiambia mzee atakuwa amechoka. Asubuhi nikajiambia atakuwa dukani. Siku iliyofuata mtandao ulikuwa unasumbua, yaani ulikuwa unasumbua kwa yule mzee tu, maana watu wengine wote niliwapata. Unajua, mtu mcheshi ana ugonjwa mmoja: neno asiloweza kulifanyia mzaha hawezi kulisema. Nililigeuza lile neno kila upande, "Shikamoo mzee, ng'ombe wako amefariki," likakataa kuchekesha, nikaliacha.

Mzee Calist alikuja mwenyewe. Wiki ilikuwa haijaisha. Alikuja na pikapu, mtu mrefu, mkavu, balagashia safi kichwani ingawa ni Mkristo, heshima tu ya mjini. Kuna mtu alimwambia mnadani kwamba kule Mgori Sista haonekani tena. Mama Peniel akatuma mtu aniite. Nilipofika nilimkuta mzee amekaa kwenye kigoda, Mama Peniel amesimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Bwana Mifugo?"

"Ndiye mimi."

"Huyu mama ananiambia ng'ombe wangu amekufa. Namuuliza ngozi iko wapi, ananiambia muulize Bwana Mifugo. Namuuliza mbona hukunipa habari, ananiambia muulize Bwana Mifugo. Sasa ng'ombe alikuwa wa nani, wangu au wako?"

Nikamweleza. Nashukuru kwa hilo tu, kwamba nilimweleza yote, molasi, urea, kiu, hori, ndimu. Nilisema ni mimi. Sikufupisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya fimbo.

"Umesema vizuri," akasema. "Wewe ni mtu wa huruma. Nimesikia hivyo hata mjini."

"Mzee, si huruma, ni kweli."

Akatoa simu yake. Mtoto wa dada yake ni afisa kilimo kata ya jirani, na picha ilishafika kwake. Akanionyesha Sista wangu, mdomo horini, mkia unapunga, na maneno yangu chini yake.

"Huyu hapa ng'ombe anakunywa, mzima, anafurahi. Umeandika mwenyewe anaomba. Nionyeshe picha ambayo amekufa."

"Sina."

"Kijiji kizima kilikuwepo, na siku hizi hata mtoto ana simu. Nionyeshe ya mtu yeyote."

"Niliwakataza."

"Kwa nini?"

Mama Peniel akajibu yeye, bila kunitazama: "Kwa sababu alikuwa ananiheshimu."

Mzee akatabasamu kidogo, tabasamu baya. "Basi twende shimoni. Ngozi ikioza, sikio halijaoza lote. Nitaijua alama yangu hata kwenye kipande."

Nilifurahi. Naapa nilifurahi. Nikakimbilia jembe mimi mwenyewe, na kitambi changu, nikachimba. Udongo ulikuwa laini mno. Nilichimba mpaka nikafika kwenye udongo mgumu ambao haujawahi kuguswa. Hapakuwa na ngozi. Pembe hakuna, kwato hakuna, hata mkia. Palikuwa na rundo la majani ya tumboni na mabua mawili matatu, na mavi hayana alama ya mwenyewe.

Walimfukua. Usiku ule ule, nadhani, kabla hajapoa. Kijiji kizima kilikula Sista. Nilikumbuka kwamba asubuhi ya pili nilipita njiani nikasalimiwa vizuri kuliko siku zote, na nikajisemea, watu hawa wana roho nzuri, wananihurumia. Hakuna aliyeumwa hata tumbo. Nilikuwa nimewaambia nyama ni sumu, itawaua, na walishiba wakalala. Basi hata hilo neno langu nalo likawa la mcheshi.

"Sawa," akasema Mzee Calist, akajipangusa mikono ingawa hakuwa ameshika kitu. "Nimeona shimo."

Nikaenda kwa waliokuwepo siku ile. Nikaanza na Mwenyekiti Amosi.

"Mwenyekiti, wewe ulikuwa umekaa pale pale, kwenye kiti chako."

"Nilikaa, ndiyo. Lakini niliwahi kuondoka, nilikuwa na kikao."

"Kikao gani? Ulishika miguu ya nyuma wakati namnywesha!"

"Bwana Laurian," akasema, na hapo hapo nikajua mambo yameharibika, maana hajawahi kuniita kwa jina langu, "mtu anaweza kushika miguu ya ng'ombe anayeumwa. Mimi sikuona akifa."

Nikaenda kwa Filipo. Alikuwa anachonga mpini, na alipoona nakuja akachonga kwa bidii zaidi.

"Filipo, ndugu yangu. Sema tu ulimwona amekufa."

"Nilimwona anakunywa."

"Na baada ya kunywa?"

"Kunywa siyo kufa. Mimi mwenyewe nakunywa kila jioni."

"Filipo, mama wa watu atanyang'anywa ng'ombe."

Akaacha kuchonga. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alitafuta maneno akayakosa. Halafu akasema chinichini: "Nikisema alikufa, nitaulizwa alizikwa wapi. Nikisema alizikwa wapi, nitaulizwa ngozi. Unanielewa? Ng'ombe wa kutunzwa haliwi kabla mwenyewe hajapata fungu lake. Aliyekula hivyo ni mwizi, na watoto wake wataitwa watoto wa mwizi. Sasa wewe unataka nani asimame?"

"Mlikula wangapi?"

"Mimi sijasema nimekula," akasema Filipo, akarudi kwenye mpini wake.

Nikampelekea Mzee Calist pendekezo la mwisho nililokuwa nalo: nitamlipa ng'ombe wake, kidogo kidogo kwenye mshahara. Alinikatalia kabla sijamaliza.

"Mimi sikuuza ng'ombe. Ukinilipa, maana yake kuna aliyekula na wewe unamfichia. Na nikipokea, maana yake nimekubali kwamba mtunzaji wangu ni mwizi, ila amepata mdhamini." Akaegemea fimbo yake. "Mimi simchukii mama huyu. Mume wake alinitunzia ng'ombe, na walipokufa wawili mwaka wa homa, aliniletea ngozi mbili mgongoni, kwa miguu, mpaka Utemini. Hivyo ndivyo tulivyoaminiana. Sasa nikimwachia mitamba bila ngozi, watunzaji wangu wengine wote, kule Ilongero, kule Mtinko, watafanya nini? Kila mwaka ng'ombe wangu watakuwa wanakufa kwa molasi."

Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo iliyoniuma. Ningepata mtu mbaya ningemchukia, nikapumzika.

Alimpa Mama Peniel mpaka mkutano wa kijiji. Ikipatikana ngozi, au sikio, au kipande chochote chenye alama yake, mitamba na ndama wanabaki, na yaliyopita yamepita. Isipopatikana, anawapakia kwenye pikapu mkutano ukiisha. Na ng'ombe wakichukuliwa hivyo, hadharani, hakuna mtu mwingine Singida nzima atakayempa Mama Peniel hata mbuzi wa kutunza.

Nilikwenda kumwona siku moja kabla. Alikuwa anamlisha ndama wa Sista uji kwenye bakuli, anamtumbukizia vidole mdomoni ili ajifunze kunywa.

"Hodi."

"Umeshaingia."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilitaka kusema kitu, na kwa mazoea mdomo ukaanza kutafuta mzaha. Akaniwahi.

"Bwana Mifugo, leo kaa tu."

Nikakaa. Akamtumbukizia ndama vidole tena, akasema, "Unajua watu wanasema nini? Wanasema mimi na wewe tuna mambo yetu. Tulimpeleka Sista mnadani, na wewe ukabuni hadithi ya molasi ndiyo maana ina maneno mengi ya shuleni. Mwanamke mwenzangu ameniambia usoni, kisimani. Mwanamke huyo huyo watoto wake walikuwa wanachezea kwato."

"Uliziona kwato?"

"Niliziona. Nikamuuliza. Siku hiyo hiyo jioni hazikuwepo tena."

"Ungeniambia!"

"Nikuambie wewe ili ufanye nini? Uwaite waandishi?" Ndama alimng'ata kidole, akautoa mkono, akaufuta kwenye kanga. "Wewe utahamishwa. Nyie wa serikali mkikosea mnahamishwa. Mimi nitateka maji kisima kile kile na watu wale wale, na hawatanisamehe kwamba walikula kwangu."

Nikasema, "Kesho nitazungumza."

"Zungumza," akasema. "Kuzungumza unajua."

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, maana ofisi ya kijiji haina paa upande mmoja. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Walikuwepo wote. Amosi mbele, na kiti chake. Filipo dirishani. Yule mwanamke wa kisimani, na watoto wake nje wanachungulia. Mzee Calist alikaa pembeni, karibu na mlango, na nyuma yake unaiona pikapu na ubao wa kupandishia ng'ombe umeshaegeshwa. Mama Peniel alikaa dawati la mwisho, peke yake. Dawati lina nafasi ya watu watatu.

Amosi akafungua mkutano, akazungumzia matundu ya vyoo, akazungumzia mbegu za alizeti, akazungumzia fisi. Mwishoni kabisa akasema Bwana Mifugo ana neno.

Nilisimama. Watu wengine wakaanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo, kwa kuzoea. Wako tayari kucheka, nawaona, wanatamani nicheke nao ili jambo liishe.

"Ndugu zangu," nikasema. "Mimi niliua yule ng'ombe. Siku isiyo ya kunywesha nilimwekea ng'ombe mwenye kiu maji yenye sumu, na nyie mkapiga makofi kwa sababu mimi nilipiga. Mlikuwepo. Mama huyu aliniomba sikio, nikamkatalia, kwa woga wangu. Hilo ni langu. Sina shida na aliyekula. Nilidanganya kwamba nyama itaua, na mlikuwa na njaa. Sitamshitaki mtu, sitaandika jina la mtu. Mzee Calist amesema hapa hapa mbele yenu, akipata alama yake tu, yamekwisha. Hatauliza imetoka wapi. Mzee, si umesema?"

"Nimesema," akajibu Mzee Calist kutoka mlangoni.

"Kwa hiyo ngozi kama imeshatengenezwa kiti au mkanda, kaa nayo. Kwato kaeni nazo. Nataka sikio tu. La kushoto, lenye mkato. Najua liko. Sikio haliliwi na mtu mzima, labda mmewatupia mbwa, au liko juu ya paa la mtu linakauka. Watoto wenu walikunywa maziwa ya yule ng'ombe, Mama Peniel alikuwa anawapa, hamkuwa mnalipa."

Filipo akaangalia nje. Amosi akawa anachunguza mguu wa kiti chake kama fundi. Niliwatazama mmoja mmoja, na kila niliyemtazama alikuta kuna kitu muhimu sakafuni. Nje mtamba mmoja alilia kutoka upande wa zizi, na Mzee Calist akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akaushika tu.

"Mtu mmoja," nikasema. "Si lazima sasa, si lazima mbele za watu. Mzee atanisubiri mpaka kesho asubuhi, nitampigia magoti. Uje nalo usiku, ulitupe tu mlangoni kwangu, uende zako, wala sitafungua kuangalia ni nani. Sikio moja, jamani. Nani atanisaidia?"